Kitoto cha Nguruwe kwa Binti wa Dang

Ndugu zangu wa Pwani mniwie radhi, leo naanza na nguruwe.

Huko Nepal, nchi iliyobanwa kati ya India na China kwenye milima ya Himalaya, ipo wilaya iitwayo Dang. Kuanzia mwaka 2000, katika wilaya hiyo, kitoto kimoja cha nguruwe kilitosha kumfanya msichana abaki kwao na aende shule. Familia iliyotaka mbuzi ilipewa mbuzi. Wazazi walitakiwa kukubali jambo moja tu: binti yetu hatumtoi. Mnyama alifugwa, akanenepa, akauzwa, na fedha yake ikakaribiana na ile ambayo wangeipata kwa kumkodisha mtoto mwaka mzima. Binti naye alilipiwa ada, akanunuliwa sare na madaftari, na nyumbani yakapelekwa mafuta ya taa apate mwanga wa kusomea.

Nimesema kumkodisha, na ulimi haujateleza. Watharu, wenyeji wa nyanda za chini za magharibi ya Nepal, husherehekea mwaka mpya wao katikati ya Januari, sikukuu inaitwa Maghi. Watu huchinja, hucheza, hutembeleana. Ilikuwa pia ndiyo siku ya kufunga mapatano ya kazi ya mwaka: nani atamlimia nani, kwa ujira upi. Ndani ya mapatano hayo wakaingizwa watoto wa kike. Dalali, au tajiri mwenyewe, alikuja akaelewana na baba, akatoa fedha, akaondoka na binti kwenda kumfanyisha kazi za ndani. Wasichana hao waliitwa kamlari. Urmila Chaudhary, ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha yake na kuwaongoza wenzake kudai haki, alichukuliwa akiwa na miaka 6, akatoka ana 17. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zenye hausigeli, tunaijua sauti ya mtoto anayeamshwa alfajiri kuchota maji wakati wenzake wa umri ule wamelala.

Sasa, kumlaani baba ni rahisi. Naomba tumsubiri kidogo. Nyanda zile, ziitwazo Terai, zilikuwa misitu yenye malaria kali, na watu wa milimani walikuwa wakiziogopa. Watharu waliishi humo vizazi na vizazi, miili yao ikihimili ugonjwa kuliko ya wageni. Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ya Nepal, kwa fedha na utaalamu wa Marekani, ikapulizia dawa ya wadudu ya DDT, na malaria ikarudi nyuma. Kazi njema, nani atabisha? Lakini ardhi ilipokuwa salama watu wa milimani waliteremka. Wao walijua kusoma, walijua kuandikisha shamba kwa jina, walikuwa na ndugu maofisini. Mtharu akajikuta kibarua kwenye shamba alilolifyeka babu yake. Akakopa kwa mwenye shamba, deni likakua, mtoto akalirithi. Utumwa huo wa deni, uliojulikana kama kamaiya, ulipigwa marufuku Julai 2000, na wengi waliofunguliwa walitoka mikono mitupu, hawana hata kiwanja cha kibanda. Kitu cha kukodisha kilichobaki kilikuwa binti. Kwa hiyo msaada mmoja ulifungua mlango wa madhara, na miaka arobaini baadaye msaada mwingine ukaja na nguruwe kuyapunguza. Bado sijakutana na taarifa ya mfadhili yenye sura ya namna hiyo.

Aliyeanzisha mpango wa nguruwe alikuwa mama mmoja mwanasheria kutoka California, Olga Murray. Alifika Nepal mara ya kwanza mwaka 1984 kutembea milimani kama watalii wengine, mwaka 1990 akaanzisha shirika la Nepal Youth Foundation, na akabaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki Februari 2024, akiwa na miaka 98. Ninachompendea ni kwamba hakumhubiria baba. Alikaa akaipiga hesabu ya baba yule kama baba mwenyewe anavyoipiga: mdomo mmoja wa kulisha unapungua, fedha kidogo inaingia, na dalali ameapa kwamba mtoto atasomeshwa huko aendako. Hesabu ikipigwa hivyo, jibu haliwi semina. Jibu ni mnyama anayekua.

Na wale wasichana hawakukaa wakisubiri kusemewa. Waliorudi waliandamana, wakacheza maigizo barabarani, na siku za Maghi wakasimama kwenye vituo vya mabasi kuwatafuta wadogo zao waliokuwa wakisafirishwa. Mahakama ya Juu ilitoa amri dhidi ya ukamlari mwaka 2006, serikali ikajivuta, na ni maandamano ya 2013, baada ya kifo cha msichana mmoja katika nyumba ya mwajiri, yaliyoilazimisha kutangaza kwamba ukamlari umekomeshwa. Waliookolewa kwa miaka yote hiyo wanazidi 12,000.

Naomba tulishike jambo moja hapo, maana ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Msaada ule ulimfuata mtoto kwao. Binti alilala kwa mama yake, asubuhi akaenda shule, jioni akarudi akamlisha nguruwe. Upo msaada mwingine unaomvuta mtoto aje uliko wenyewe, na huo, kwa maoni yangu, umeharibu zaidi kuliko tunavyopenda kukiri.

Twendeni Humla, juu kabisa, mpakani na Tibet. Kwa miaka mingi wilaya hiyo haikuwa na barabara ya kuiunganisha na nchi nzima. Ndege ndogo zilitua Simikot, vinginevyo ilikuwa kutembea kwa miguu siku kadhaa. Februari 1996 wanamgambo wa Kimao walianzisha vita vya msituni vilivyodumu mpaka Novemba 2006, na vijijini wazazi walikuwa wakiogopa watoto wao wasije wakachukuliwa na wapiganaji. Katika hofu hiyo wakaja watu wastaarabu, wamevaa vizuri, wanaongea kwa upole. Mzee, nipe mwanao nimpeleke Kathmandu, akae bweni, asome, awe mtu. Gharama ni kiasi fulani. Wazazi wakauza shamba, wakauza ng'ombe, wakalipa. Yaani mzazi ndiye aliyemlipa mchukuzi.

Watoto walifikishwa Kathmandu, mji mkuu, na wengine wakaingizwa kwenye nyumba zilizoitwa za yatima. Walifundishwa kusema wazazi wamekufa. Vyeti vya vifo vya watu walio hai vikatengenezwa. Mgeni akija na begi lake mgongoni, moyo ukimuuma, anaacha dola. Mwenye nyumba akiona dola zinaingia kwa sababu watoto wanatia huruma, ana sababu gani ya kuwanunulia viatu? Mtoto aliyeshiba na kuchangamka hana soko.

Kijana mmoja wa Marekani, Conor Grennan, alikwenda mwaka 2004 kujitolea katika nyumba ya watoto, kwenye kijiji cha Godawari, kusini mwa Kathmandu. Mwenyewe ameandika kwamba alikwenda kwa sehemu ili safari yake ya kuzunguka dunia isionekane ya anasa tupu. Watoto aliowadhania yatima wakawa na mama. Mwaka 2006 akaanzisha shirika la Next Generation Nepal, akazunguka Humla kwa miguu akiwa na picha za watoto, kijiji kwa kijiji, akiuliza: huyu ni wa nani? Hebu fikiria wewe ni mama, miaka inapita hujui mwanao kama yu hai, halafu anatokea mzungu mlangoni na picha yake.

Baada ya tetemeko la Aprili 2015, UNICEF ilieleza kuwa Nepal ilikuwa na watoto zaidi ya 15,000 katika vituo vya malezi, na kwamba zaidi ya asilimia 85 kati yao walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Na vituo vyenyewe viko wapi? Ungetarajia viwe vingi kule kwenye shida, Humla, Jumla, Mugu. Vimejazana Kathmandu, Lalitpur, Bhaktapur, kisha Kaski kwenye ziwa la Pokhara, na Chitwan kwenye mbuga ya vifaru. Ramani ya yatima imelaliana na ramani ya watalii. Wasikilizaji wa Arusha na Moshi hawahitaji kuhadithiwa biashara hii. Vijana wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi wacheze na watoto majuma mawili kabla ya kupanda Kilimanjaro, na juma la tatu anakuja mwingine, na mtoto anajifunza kumkumbatia kila anayeingia mlangoni. Mwenye nia ya kuchangia kituo cha watoto, popote pale, kabla hajauliza kuhusu ada na vitanda aulize kwanza: mama yake huyu yuko wapi, na nauli ya kwenda kwao ni kiasi gani?

Nisionekane nazipiga rungu nyumba zote. Pushpa Basnet alikuwa mwanafunzi wa chuo Kathmandu alipotembelea gereza na kukuta watoto wadogo wanaishi ndani na wazazi wao wafungwa, kwa kuwa hakuna ndugu wa kuwachukua. Mwaka 2005, akiwa na miaka 21, alianza kuwatoa mchana kuwafundisha, baadaye akafungua nyumba ya watoto wakubwa kidogo, na huwapeleka kuwaona wazazi gerezani. Huyo ni Mnepali, anajua mtoto ni wa nani na kifungo kinaisha lini. Hapo nyumba inahitajika.

Shule pia zimejengwa, na watu wengi wakisikia Nepal na hisani humkumbuka Edmund Hillary. Mei 29, 1953 yeye na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest. Miaka michache baadaye alipowauliza Masherpa, watu wa maeneo yale waliobeba mizigo na kuonyesha njia, angewafanyia nini, wakamjibu: shule. Hawakuomba zahanati wala daraja, ingawa vyote walivihitaji na baadaye walivipata. Ombi hilo lilikuwa na historia nyuma yake. Mpaka mwaka 1951 Nepal ilitawaliwa na ukoo wa Rana, ambao mwaka 1854 ulianzisha shule ya Kiingereza katika jumba lake kwa watoto wa ukoo wenyewe, na kwa karibu karne nzima ukaona elimu ya raia ni hatari kwa kiti chake. Hivyo mwaka 1961 mabati ya alumini yalishushwa kwa ndege ndogo kwenye kiwanja kilicholimwa kwa mikono, yakabebwa mgongoni hadi kijiji cha Khumjung, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,800, na shule ikasimama. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Mingma Norbu Sherpa, alikuja kuwa Msherpa wa kwanza kuongoza hifadhi ya taifa ya Sagarmatha, hifadhi ya mlima uleule. Hillary mwenyewe alilipa kwa namna nyingine: mwaka 1975 mkewe Louise na binti yao Belinda walikufa kwa ajali ya ndege Kathmandu, wakiwa safarini kumfuata alikokuwa akijenga hospitali, Phaplu. Aliendelea na kazi mpaka uzee wake.

Kisha lipo suala la vitabu, ambalo linatugusa. Mwaka 1998 mfanyakazi wa Microsoft, John Wood, akiwa likizoni milimani alikaribishwa kwenye shule ya Bahundanda. Maktaba ilikuwa na vitabu vichache walivyoacha watalii, vimefungiwa kabatini wanafunzi wasiviharibu. Akaacha kazi, na mwaka 2000 yeye na Dinesh Shrestha, Mnepali, wakaanzisha kazi iliyokuja kuitwa Room to Read. Shirika hilo sasa liko Tanzania pia, na baadhi ya vitabu vya hadithi ambavyo watoto wetu wa darasa la kwanza na la pili wanavisoma kwa Kiswahili vimetokana na mpango huo. Kuhusu kabati lenye kufuli, walimu wanaonisikiliza mnajijua.

Lakini mtu ninayetamani tungemzungumza saa nzima ni Mahabir Pun. Amezaliwa Nangi, wilaya ya Myagdi, kijiji cha wastaafu wa jeshi la Wagurkha, askari wa Kinepali wanaotumikia Uingereza na India. Miaka yake ya mwanzo shuleni aliandika kwenye ubao wa mti uliopakwa masizi, kwa mawe laini ya chokaa yaliyochimbwa gengeni. Baba yake akahamisha familia kwenda Chitwan ili watoto wasome. Mahabir akawa mwalimu miaka kadhaa akiwasomesha wadogo zake, kisha akapata ufadhili wa chuo huko Nebraska, Marekani. Hapo kwa kawaida hadithi huisha: mtoto wa kijijini kaenda Marekani, picha inapigwa, inatundikwa ukutani kwa mfadhili. Yeye mwaka 1992 alirudi Nangi kuijenga shule ya sekondari ya kijiji.

Shule ilipewa kompyuta chakavu kutoka Australia. Umeme hakuna, wakaweka mtambo mdogo kwenye kijito. Makasha ya kompyuta hakuna, wakaunda ya mbao. Intaneti hakuna, na kuvuta waya juu ya milima ile ni ndoto, basi mwaka 2001 akaiandikia BBC kueleza shida yake, na watu waliomsoma wakamwandikia. Wakajitolea, wakaja na vifaa, antena zikafungwa juu ya miti. Vifaa vya redio vilikuwa vimedhibitiwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo vingine viliingia kimyakimya. Kufikia 2003 Nangi ilikuwa imeunganishwa na Pokhara bila waya. Sambamba na hayo kijiji kikawa kinafuga samaki, kinatengeneza jibini, jemu na karatasi ili shule ipate fedha yake yenyewe, kwa kuwa Mahabir alijua mfadhili huchoka. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo huko Asia ndiyo heshima kubwa.

Nimemweka mwisho kwa sababu anatufikisha kwenye swali ambalo wahisani wengi hawalipendi. Mtoto amesoma. Halafu? Sensa ya 2021 inaonyesha zaidi ya watu 76 katika kila 100 nchini Nepal wanajua kusoma na kuandika, wakati mwaka 1951 hata 10 hawakufika. Hilo ni jambo kubwa. Ila nenda uwanja wa ndege wa Kathmandu uone foleni: vijana wenye pasi mpya wakienda Qatar, Saudia, Emirates, Malaysia. Wenye alama nzuri zaidi huenda Australia na Japani kwa jina la masomo. Katika mwaka wa fedha 2022/23 wizara ya elimu ilitoa vibali zaidi ya 100,000 vya kwenda kusoma nje. Fedha zinazorudishwa na walioko nje zinakaribia robo ya pato la taifa. Huko Doha, Qatar, Mnepali hulala chumba kimoja na Mkenya na Mganda, wote wamelipia wakala, wote wana picha ya watoto kwenye simu.

Fedha hizo zinafanya nini zikifika kijijini? Kwanza zinalipa ada. Nchini Nepal kila shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza watu huiita "boding", hata kama mtoto anarudi kwao kila jioni, kama sisi tunavyosema inglishi midiamu. Familia inahama mlimani kumfuata mtoto kwenye boding ya mjini, shule ya serikali kijijini inabaki na wanafunzi wachache, inaunganishwa na nyingine. Kwa hiyo mfadhili mkubwa wa elimu ya Nepal hana nembo wala tovuti. Ni baba mwenye kofia ngumu juu ya jengo la Doha, na anachokinunua ni tiketi ya mwanae kuondoka pia.

Septemba 8, 2025 vijana wa Kathmandu waliingia barabarani, wengine bado wana sare za shule na mabegi mgongoni. Serikali ilikuwa imefunga mitandao ya kijamii, lakini hasira ilikuwa ya zamani: ufisadi, watoto wa vigogo wakijionyesha, na wao hawana kazi. Polisi wakafyatua risasi, watu 19 wakafa siku hiyo, na idadi ikapita 70 baadaye. Kesho yake waziri mkuu Oli akajiuzulu, bunge likawaka moto. Wasikilizaji wa Nairobi mmekwisha kuiona sinema hii Juni 2024. Jaji mkuu mstaafu, mama Sushila Karki, akashika serikali ya mpito, na kwenye wizara ya elimu akamweka Mahabir Pun.

Wengi wa vijana wale shule walikuwa wameipata, wakiwamo waliosomeshwa na wahisani hatua kwa hatua mpaka cheti. Walichokuwa wanadai kwenye mabango yao hakimo kwenye fomu ya shirika lolote la hisani ninalolifahamu, si la Kathmandu wala la Dodoma: kazi, na serikali isiyowaibia. Simu ziko wazi, na ningependa tuanze na aliyesomeshwa na mfadhili, atuambie alipomaliza alikwenda wapi.